Insha Mbaya, Alama Nzuri: Nani Amedhulumiwa?

Hotuba ya Kamati ya Elimu katika Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee ya Elimu

  

Mmezoea kuisikia Kamati ya Elimu ikizungumza habari za mabati, saruji na madawati. Mambo hayo leo mtayakuta yote katika taarifa ya Mweka Hazina, kurasa za mwanzo za kitabu hiki. Sisi tumeombwa tueleze kwa nini mwaka huu tunawaombeni fedha kwa ajili ya kitu ambacho hakina ukuta wala paa. Ili tueleweke, tutaanza na habari ya karatasi moja.

Karatasi hiyo iliandikwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichoko katika mji wa Chapel Hill. Ni chuo cha umma, chenye sifa kubwa, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1795. Tumekwenda mbali kwa makusudi. Mtu akizungumza habari za shule ya jirani, wapo watakaonuna. Akizungumza habari za Marekani, wote tunasikiliza kwa raha, na baadaye kila mmoja anaondoka na fungu lake.

Mwezi Machi 2014, televisheni ya michezo ya ESPN ilionyesha karatasi hiyo. Ilitolewa hadharani na mama mmoja, Mary Willingham, aliyekuwa amefanya kazi chuoni hapo ya kuwasaidia wanafunzi wanamichezo katika kusoma na kuandika. Ilikuwa insha ya mwanafunzi mwanamichezo juu ya Rosa Parks. Insha nzima ilikuwa aya moja, maneno yasiyofika hata 150. Watu walishtuka waliposikia kwamba imepata A-. Baadaye mama yule alifafanua kuwa alama hiyo ilikuwa ya kozi yote, si ya karatasi ile peke yake. Tunalisema hilo ili tusimdhulumu mtu. Lakini ufafanuzi huo hauondoi swali: mwanafunzi anayeandika namna hiyo, A- ya kozi ya chuo kikuu ameipataje?

Rosa Parks ni nani? Vijana wetu wa kidato cha nne watatusaidia. Alikuwa mama Mmarekani mweusi, fundi cherehani, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Jioni ya tarehe 1 Desemba 1955 alikuwa ndani ya basi akirudi nyumbani kutoka kazini. Alikuwa ameketi mahali ambapo watu weusi waliruhusiwa kukaa. Viti vya mbele vya watu weupe vilipojaa, dereva akamwamuru yeye na wenzake wasimame ili mtu mweupe akae. Wenzake walisimama, yeye akakataa. Akakamatwa na polisi. Watu weusi wa Montgomery wakasusia mabasi kwa siku 381. Walitembea kwa miguu, walipeana lifti, wakavumilia mvua na baridi, wakiongozwa na mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King. Mwisho wake Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kuwa kuwatenga watu ndani ya mabasi ni kinyume cha katiba.

Sasa ile insha ilisema nini? Ilisema mama huyo aliamua kwenda kukaa sehemu ya watu weupe. Si kweli. Ikaeleza majibizano yake na dereva, kisha na polisi, ikaishia anapokamatwa. Siku 381 hazimo. Matokeo hayamo. Maneno ya Kiingereza yanayotamkwa sawa yalichanganywa.

Ndugu zetu, hatukuileta habari hii ili tumcheke kijana yule. Kijana yule ndiye aliyedhulumiwa, na tungependa mwelewe tunavyolipima jambo hili.

Hebu tuchukue kalamu nyekundu tukae na karatasi yake, kama mwalimu mwenye nafasi na moyo. Penye ile sentensi ya kwanza tungeandika: "Nani amekuambia alikwenda kukaa sehemu ya watu weupe? Rudi kwenye kitabu, tazama alikuwa ameketi wapi." Kijana akirudi, atagundua jambo kubwa kuliko alilodhani. Yule mama alikuwa ameketi mahali pake halali, na bado akaambiwa asimame. Maana yake sheria yenyewe ilikuwa haimpi mtu mweusi hata kile kidogo ilichomwahidi. Hapo ndipo ilipo insha!

Pembeni mwa majibizano na polisi tungeandika: "Polisi amefuata sheria. Je, kila sheria ni ya haki? Eleza." Chini kabisa tungeandika: "Kisha ikawaje?" Maneno mawili tu. Maneno hayo mawili yangemfungulia kijana mgomo, mahakama, King, na historia nzima ya nchi yake.

Maswali matatu ya kalamu nyekundu. Kijana angeandika upya, na mara ya pili ingekuwa aya nne. Labda angepata C. Lakini angeondoka na kitu kichwani. Yule aliyempa alama nzuri akamwacha na aya yake moja alimnyang'anya maswali yote matatu.

Alama nzuri kwa kazi mbaya tumezoea kuiita upendeleo, kama kwamba mwanafunzi amepewa kitu cha ziada. Sisi tunasema amenyimwa. Amenyimwa kusomwa.

Karatasi ile ilikuwa kama mlango uliofunguka kidogo, na nyuma yake mlikuwa na nyumba nzima. Oktoba 2014 ilitolewa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Kenneth Wainstein, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya Marekani. Ripoti ilisema kwamba kwa muda wa miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, idara moja ya chuo hicho ilikuwa na kozi za ajabu. Hapakuwa na vipindi. Mwanafunzi hakukutana na mhadhiri. Alitakiwa kuandika karatasi moja tu mwisho wa muhula. Waliopita katika kozi hizo walikuwa zaidi ya 3,100, na karibu nusu ya waliojiandikisha walikuwa wanamichezo. Idara hiyohiyo ilifundisha Kiswahili, na ripoti ilionyesha kwamba hata katika Kiswahili wapo waliomaliza kozi kwa kuandika karatasi ya Kiingereza. Lugha yetu hii, ndugu zetu! Mtu anapewa alama ya Kiswahili bila kuulizwa habari za asubuhi.

Nani alikuwa anasahihisha? Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa karani wa idara. Hakuwa mwalimu. Alitazama mwanzo wa karatasi na mwisho wake, akaona kama urefu unatosha, akatoa A au B. Na ukiuliza kwa nini alifanya hivyo, ripoti haisemi kwamba alihongwa. Inasema alikuwa na huruma. Aliwaonea huruma wanafunzi waliokuwa wanahangaika, maana yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi akajiona hana wa kumshika mkono.

Tumelitafakari sana neno hilo katika kamati, kwa sababu sisi Waafrika tunaijua huruma ya namna hiyo. Ni huruma ya "msaidie tu mtoto wa mwenzako". Ni huruma ya "usimharibie maisha". Mwenye huruma hiyo si mtu mbaya. Anamwona mtu ana njaa, anamwandikia kwenye karatasi kwamba ameshiba.

Januari 2015 wanamichezo wawili wa zamani walikishtaki chuo mahakamani. Hawakulalamika kwamba walifelishwa. Walilalamika kwamba waliahidiwa elimu na hawakuipata. Mwaka 2017 chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikamaliza shauri lake bila kukiadhibu chuo kwa kozi hizo, kwa hoja kwamba zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote, si wanamichezo peke yao. Chuo kikapona. Lakini waliopita katika kozi zile hakuna aliyeweza kuwarudishia miaka yao.

Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sasa turudi nyumbani.

Tanzania yetu nayo imepita katika jambo hili, kwa sura nyingine. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilieleza kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma na kuandika. Hao walikuwa wamefaulu. Majina yao yalibandikwa ubaoni, wazazi wao walichinja kuku. Mwaka huohuo mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua jibu na kusiliba kiduara kwa penseli, karatasi zikasahihishwa kwa mashine. Mashine ni nzuri, haina upendeleo wala haichoki. Lakini mashine haiwezi kumuuliza mtoto "kisha ikawaje?"

Februari 2013 yakatoka matokeo ya kidato cha nne, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri. Mnakumbuka kilio kile. Matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Mwishoni mwa mwaka huo ikatangazwa kwamba sifuri iondoke, badala yake liwepo daraja la tano. Mwaka 2014 tukaingia katika mfumo wa wastani wa pointi. Mwanzoni mwa 2016 tukarudi kwenye madaraja yetu ya zamani. Hatusemi haya kuwalaumu viongozi. Kila aliyebadilisha alikuwa na hoja zake. Tunasema tu kwamba katika muda wa miaka mitatu majina ya alama yalibadilika mara kadhaa, na mtoto aliyekuwa hawezi kuandika aya moja ya kueleweka aliendelea kutoweza, kwa kila jina tulilompa.

Wazee wetu wa milimani hawakuhitaji ripoti kulielewa hili. Wanajua ndiva. Kwa vijana mliozaliwa mjini, ndiva ni bwawa letu la asili la kukusanyia maji usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa mfereji. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Sasa mtunza ndiva akiona watu wana shida, akasimama kando ya bwawa tupu akatangaza, "Maji yamejaa!", watu watafurahi. Watabeba majembe waende. Watafungua mfereji. Mahindi hayatasikia tangazo. Mahindi yanasikia maji.

Alama ni tangazo. Kuandika ndiyo maji.

Na kuandika kwenyewe si jambo la kupendezesha mtihani. Angalieni karatasi zinazotawala maisha yetu kule nyumbani. Hati ya kuuziana shamba inaandikwa na kijana wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne, kwa sababu yeye "ndiye anayejua kuandika". Anaandika kwamba shamba linaanzia mgomba mkubwa mpaka mferejini. Hataji jirani wa juu wala wa chini, hapimi hatua, haandiki kama bei imelipwa yote au nusu. Mgomba unaoza, mfereji unahama. Miaka kumi baadaye watoto wa ndugu wawili wanapelekana baraza la ardhi, na kila upande umeshika karatasi hiyohiyo. Tunazijua kesi za namna hiyo. Wengine humu ukumbini mmechangia nauli za kesi za namna hiyo.

Muhtasari wa mkutano wa kijiji ni insha. Barua ya kuomba mkopo wa kikundi cha kina mama wanaolima tangawizi ni insha. Maelezo ya mgonjwa aliyepewa rufaa, malalamiko kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kuhusu barabara iliyomezwa na maporomoko, maombi ya kazi ya kijana wako, vyote ni insha. Huko nje hakuna karani mwenye huruma wa kutazama mwanzo na mwisho akatoa A. Huko nje barua isiyoeleweka inawekwa chini ya nyingine, haijibiwi, na mwenyewe haambiwi kwa nini.

Hapo mtatuuliza: basi walimu wetu wanafanya nini? Tunaomba tuwatetee walimu wetu, na wengine wako hapa leo. Tufanye hesabu pamoja. Chukua darasa la wanafunzi 60. Kuisoma insha moja vizuri, kuandika maswali pembeni, si chini ya dakika 10. Dakika 10 mara 60 ni dakika 600, yaani saa 10. Mwalimu mwenye mikondo minne anahitaji saa 40. Hiyo ni wiki nzima ya kazi, saa nane kila siku, bila kufundisha kipindi hata kimoja, bila kuandaa somo, bila zamu, bila kula. Kwa insha moja!

Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016 katika shule za serikali hadi kidato cha nne, watoto wengi zaidi wamepata nafasi, na hiyo ni neema. Lakini mikono ya mwalimu imebaki miwili. Afanyeje? Anatoa insha moja kwa muhula. Anaipitia harakaharaka. Anaweka vema, anaandika "jitahidi", anatoa 12 kwa 20, anapitisha nyingine. Mwalimu huyo si mvivu. Amepewa kazi ambayo saa za siku haziitoshi. Na mtoto anaupeleka nyumbani mstari mwekundu unaosema "jitahidi" bila kujua ajitahidi wapi.

Kwa upande mwingine, katika kila kijiji chetu kuna kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, au ana shahada yake ya Kiswahili, ya Historia, ya Kiingereza, na anasubiri ajira. Anasubiri mwaka wa pili, wa tatu. Anauza vocha, anaendesha bodaboda, anamsaidia baba yake shambani. Kalamu nyekundu anaijua. Muda anao. Kinachokosekana ni mtu wa kumwita.

Kwa hiyo, ndugu zetu, ombi la Kamati ya Elimu mwaka huu lina mambo matatu.

La kwanza, tunaomba mfuko wa kuwalipa posho vijana wetu hao wawe wasomaji wa insha katika shule zetu za sekondari za kata. Hawataingia kuchukua nafasi ya mwalimu. Watafanya kazi chini ya mwalimu wa somo, kwa makubaliano na mkuu wa shule na bodi ya shule. Kila mwanafunzi ataandika insha moja kila baada ya wiki mbili. Insha ya kwanza itarudi na maswali pembeni, bila alama. Mwanafunzi ataandika upya. Alama itatolewa na mwalimu wake baada ya maandiko ya pili. Utaratibu huu wa kurudia ndio moyo wa mpango wote. Ukiuondoa, tunakuwa tumeajiri watu wa kuweka vema.

La pili, tunaomba daftari maalumu la insha kwa kila mwanafunzi, gumu, la kukaa naye kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Halitupwi mwisho wa muhula. Mzazi akifika shuleni, asionyeshwe karatasi ya alama peke yake, aonyeshwe daftari. Hata mzazi asiyejua kusoma ataona ukurasa wa kwanza una mistari mitano na wa mwisho umejaa kurasa mbili.

La tatu, zawadi. Zawadi za wanaopata daraja la kwanza zinaendelea kama kawaida, na tunawapongeza. Tunaongeza zawadi moja kwa kila shule, kwa mwanafunzi ambaye insha yake imepiga hatua ndefu kuliko wote tangu Januari hadi Oktoba. Mwaka ujao, Mungu akitujalia, wanafunzi hao watasimama hapa mbele yenu na kusoma maandiko yote mawili, la kwanza na la mwisho, mjionee wenyewe fedha yenu ilikokwenda.

Tulipoyazungusha mawazo haya kwa wanachama, tulipata hoja, na ni haki zijibiwe hapa hadharani.

Wapo waliosema hii ni kazi ya serikali. Kweli, kuajiri walimu ni kazi ya serikali, na tutaendelea kuikumbusha. Lakini shule nyingi za milima yetu zilianza kwa msaragambo. Wazee wetu waliitwa kwa baragumu wakabeba mawe begani kutoka mtoni. Hawakusema mawe ni ya serikali. Walijenga, serikali ikaja ikaleta walimu. Kusoma insha za watoto wetu ni kubeba mawe ya zama hizi.

Wapo waliouliza: insha za lugha gani? Sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wanapokwama. Jibu letu ni kwamba miezi ya kwanza waandike kwa Kiswahili, kisha lugha zote mbili zikae pamoja. Mtoto asiyeweza kupanga hoja yake katika lugha anayoiota usiku hawezi kuipanga katika lugha aliyokutana nayo darasani. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, jirani yetu kabisa, aliliona jambo hili zamani. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake kizima cha kuonyesha namna ya kuandika insha, Kielezo cha Insha. Yule gwiji hakuona kuwa insha ni mchezo wa watoto.

Wapo waliosema kwamba kwa kukazania hivi tutawavunja moyo watoto, alama zitashuka. Inawezekana zikashuka mwanzoni. Tunawaomba wazazi msimkimbilie mwalimu kumuuliza kwa nini mtoto wangu alipata 14 zamani na sasa ana 9. Ulizeni: ameandikiwa nini pembeni? Amekirekebisha? Mtoto anavunjika moyo pale anapofika chuoni au kazini na kugundua kwamba alama aliyokuwa akiipewa ilikuwa ya kumfariji.

Na ipo hoja ambayo watu wameisema kwa chini, lakini ina uzito. Jengo linaonekana. Mtu akichangia darasa, jina lake linaandikwa kwenye kibao, na wajukuu zake watakisoma. Insha iliyosahihishwa ina kibao gani? Ndugu zetu, haina. Tunasema ukweli. Atakayechangia mfuko huu hatapata ukuta wa kuegemea apigwe picha. Atapata kijana wa kijijini kwake atakayeandika hati ya shamba ambayo haitazaa kesi. Atapata katibu wa kikundi ambaye maombi yake ya mkopo yatasomwa hadi mwisho. Atapata mtoto ambaye siku moja ataiandikia kamati hii barua ya kutupinga, kwa hoja zilizopangika, na sisi tutashindwa kumjibu. Siku hiyo tutajua fedha haikupotea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kijana wa Chapel Hill alikuwa na kila kitu tunachokiota: majengo, maktaba, umeme usiokatika, viwanja vya michezo vya kujaza watu kwa maelfu. Alichokosa ni mtu mmoja wa kukaa na karatasi yake dakika kumi. Sisi hatuna majengo yale, na pengine tutachelewa kuyapata. Lakini dakika kumi tunaweza kuzinunua. Leo hii, katika ukumbi huu.

Mwishoni mwa kitabu hiki kuna fomu ya ahadi. Imegawanywa kwa shule, ili kila mtu achague shule aliyosoma au ya kata yake. Anayeweza kumlipia msomaji mmoja posho ya mwaka mzima, aandike. Anayeweza mwezi mmoja, aandike. Familia zinaweza kuungana, ukoo unaweza kuungana, marafiki waliosoma darasa moja wanaweza kuungana. Wanafunzi wa vyuo mlioko hapa, mkiwa likizo nyumbani mnaweza kutoa siku zenu mkasoma insha; hiyo nayo ni ahadi, na ina safu yake kwenye fomu. Walio mbali watakaosoma hotuba hii bila kufika ukumbini, namba za Mweka Hazina zimo katika ukurasa huohuo, na risiti itatolewa kwa kila shilingi.

Vijana wa kamati wanapita sasa hivi katikati ya viti wakiwa na fomu na kalamu. Mtaona kalamu zenyewe ni nyekundu. Mkishaandika, msizirudishe. Ziende nazo nyumbani, na daftari la mtoto likija mezani, mlifungue.